Masikio Kumi na Moja

Sajini mstaafu Benedikta alikuwa na kanuni mbili za kazi, na zote mbili zilikuwa zimemlisha miaka thelathini katika upelelezi wa polisi: dereva asiambiwe mnachokwenda kutafuta, na chai isikataliwe. Alhamisi ile asubuhi, kwenye zahanati ya Maretadu, kijiji cha nyanda za juu, kanuni ya pili alikuwa ameshaitimiza mara tatu, na mara zote tatu aliletewa chai ya rangi. Hakulalamika. Mtu wa Songea hunywa anachopewa. Ila aliandika kwenye daftari lake: hakuna maziwa. Alikuwa na mazoea ya kuandika vitu ambavyo bado havina maana, kwa sababu vyenye maana kila mtu huviona.

Mbele yake alikaa Gaudensia, mhudumu wa afya wa kijiji, mwanamke wa miaka kama thelathini hivi, amepakata tableti ya mradi iliyofungwa kwenye kipande cha kitenge.

Mradi wenyewe ulikuwa wa chuo kikuu, na ulikuwa na miaka miwili tangu uanze. Kila mtoto aliye chini ya miaka mitano alipimwa uzito kila mwezi, kisha akapigwa picha ya sikio. Watu walicheka sana mwanzoni. Lakini vidole vya mtoto mdogo ni laini mno, alama zake hazishiki, wakati sikio lina mikunjo yake, na hakuna mawili yanayofanana. Kompyuta ya chuo ililinganisha masikio hayo usiku na mchana bila kuchoka. Na wiki iliyopita ilisema jambo la ajabu: masikio kumi na moja ya watoto wa Maretadu yalikuwa pia kwenye vichwa vya watoto kumi na mmoja wa uwanda wa Hanang, huko chini, wenye majina mengine na baba wengine.

Chuoni walilisoma jambo hilo kwa namna moja tu. Mtu amenakili picha. Data zimepikwa. Kamati ilikuwa ikae Jumamosi saa sita mchana, na kama Benedikta, waliyemtuma kuchunguza, hangekuja na maelezo mengine, Gaudensia angefutwa kazi na jina lake kupelekwa polisi.

"Mwezi uliopita," Benedikta alianza, "kwa laini hii ya mradi, umeongea na Ezekiel mara arobaini na sita."

Ezekiel alikuwa mhudumu mwenzake wa kule Hanang. Wale watoto wengine kumi na mmoja walikuwa kwenye tableti yake.

"Ni mambo ya kawaida, mama."

"Jumapili saa mbili usiku, dakika hamsini na tatu. Kawaida gani hiyo?"

Gaudensia alitazama sakafu. "Ni lazima niseme?"

"Ni lazima."

"Anataka kunioa. Mshenga anakuja baada ya mavuno. Siku hiyo tulikuwa tunabishana kama harusi iwe huku au iwe kwao."

Benedikta aliandika, akasoma alichoandika, akakikata. Tuhuma yake nzuri kuliko zote ilikuwa imemponyoka hivi hivi, na alijisikia kama aliyekalia kigoda kisichokuwepo. Lakini hakuiachia yote. Wachumba nao huiba pamoja, tena huiba vizuri zaidi kwa sababu wanapatana.

"Iwe wapi sasa?"

"Huku."

"Vizuri. Na hawa watoto kumi na mmoja, leo hii, wako wapi?"

"Wapo, mama."

"Wapo wapi?"

"Wapo salama. Wanakula."

"Gaudensia, mwanangu. Keshokutwa saa sita unga wako unamwagika. Baada ya hapo ni polisi, na mambo ya huko nayafahamu mimi. Unanielewa?"

"Nakuelewa, mama." Machozi yalikuwa yamemjaa lakini hayakudondoka. "Nilipopewa kazi hii, nilisimama kwenye mkutano wa kijiji nikaahidi. Nikiingia nyumba ya mtu, nitatoka na uzito wa mtoto tu. Mengine nayaacha mlangoni. Kunifukuza mnaweza. Ila nitaondoka hivyo hivyo, sijavunja ahadi."

Benedikta alifunga daftari. Katika maisha yake alikuwa amehoji waongo wengi, na waongo huongea. Huyu hakuwa anadanganya, alikuwa anaficha, na hivyo ni vitu viwili tofauti. Moyoni alimpenda pale pale, jambo lililomuudhi, maana kumpenda mtuhumiwa huchelewesha kazi.

*

Jina la kwanza kwenye orodha lilikuwa Hermani, miaka mitatu, mtoto wa Margwe. Alfredi, dereva wa mradi, mzaliwa wa Bashay, huko huko nyanda za juu, na mtu wa maneno machache, aliliacha gari barabarani kwa sababu ya utelezi, wakapanda kwa miguu. Ulikuwa mwezi wa nne. Mahindi na maharage yalikuwa yamesogea mpaka mlangoni, pasipo hata nafasi ya kuanika ungo. Letisia, mama yake Hermani, aliacha jembe, akawakaribisha kwa furaha, akawapa viti, akawapa chai.

Ya rangi. Benedikta aliitazama ndani ya kikombe kwa muda.

"Mama Hermani, mwenyewe yuko wapi nimwone?"

"Ametembea na bibi yake."

"Tangu lini?"

"Tangu mahindi yafike magotini."

"Na atarudi lini?"

"Yakikauka." Letisia alicheka. Alikuwa na kicheko cha mtu aliyelala vizuri.

Benedikta aliwahi kukaa na akina mama waliopotelewa na watoto. Alijua wanavyokaa, alijua macho yao yanavyokwenda mlangoni kila mbwa akibweka. Huyu alikuwa anamkumbuka mwanawe, hilo lilionekana kwa jinsi alivyolitaja jina, lakini hakuwa na hofu hata chembe. Ukutani palining'inia kibuyu cha maziwa kilichokauka, kimefunikwa kwa uangalifu, kama chombo kinachosubiri msimu wake.

Nje, Benedikta alizunguka nyumba. Zizi lilikuwa pana, la ng'ombe kumi au zaidi, na samadi yake ilikuwa kavu. Ndani alisimama ndama mmoja tu, anayechechemea mguu wa nyuma. Sikio lake la kushoto lilikuwa na mikato miwili karibu na ncha. Benedikta aliichora mikato ile kwenye daftari, kwa mazoea tu.

"Ng'ombe mnao wangapi, mama Hermani?"

Kicheko kilizima. "Huyo hapo."

"Na wengine?"

"Hayo anayajua baba Hermani."

Nyuma yao Alfredi alishikwa na kikohozi cha ghafla, kikamlazimu aende kukoholea mbali. Benedikta aliliandika na hilo.

Walipofika garini alitandaza karatasi za chuo juu ya boneti. Tarehe za Maretadu: mwezi wa saba mpaka wa kwanza. Tarehe za Hanang: wa pili mpaka wa sita. Miaka miwili mizima, masikio kumi na moja, na hakuna hata siku moja ambapo sikio lilikuwa mahali pawili. Miezi watoto walipokuwa chini, Gaudensia aliacha nafasi tupu. Benedikta akaenda kwenye uzito. Mwaka jana Hermani aliondoka Maretadu na kilo kumi na moja na robo. Mtoto mwenye sikio lake, aitwaye Gidashang, alianza Hanang na kilo kumi na moja na robo hiyo hiyo, akapanda mpaka kumi na mbili na nusu. Wote kumi na mmoja walikuwa hivyo. Pale mmoja alipoishia ndipo mwenzake alipoanzia.

Mpika data hana subira ya namna hiyo. Hawakuwa watoto ishirini na wawili, na picha hazikunakiliwa. Walikuwa watoto kumi na mmoja, na walikuwa wanasafiri.

Furaha ya kuligundua hilo haikudumu. Watoto wadogo, wanaondoka nyumbani, wanapewa jina jipya na baba mpya, na kijiji kizima kimefyata ulimi. Mkoa wa Manyara ulipokatwa kutoka Arusha, Benedikta alihamishiwa Babati akiwa miongoni mwa wapelelezi wa kwanza, na huko aliwahi kuona watoto waliogawiwa watu kwa maelezo matamu. Hakuona kinachofanana na haya, lakini hakuona pia sababu ya kutoogopa. Aliogopa, na njia nzima hakumwambia Alfredi neno.

*

Ijumaa asubuhi walishuka uwandani, mlima Hanang umesimama mbele yao umevaa wingu. Ezekiel aliwapokea njia ya Basotu, kijana mrefu, mwenye buti za mvua na uso wa mtu ambaye hajala tangu jana.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Umeshaambiwa?"

"Gaudensia alinipigia."

"Hiyo nayo nitaiandika. Nieleze kuhusu hawa watoto."

Ezekiel alifikiri. "Kukupeleka kuwapima ni kazi yangu, mama. Kukueleza siyo."

"Mmefundishwa na mwalimu mmoja nyie wawili," Benedikta alisema. "Haya, nipeleke."

Boma la kwanza lilikuwa la mzee Gidabuday, Mbarabaig, mfugaji wa miaka sabini na kitu, mwembamba, amejifunga shuka jeusi, bangili za shaba mkononi. Benedikta alitoa shikamoo yake, ikapokelewa taratibu, na kabla hajakaa sawasawa alipewa kibuyu cha maziwa mgando. Alikunywa. Yalikuwa mazito, yanayonukia moshi, na baada ya siku mbili za chai ya rangi alikaribia kuisahau kesi.

Pembeni, kwenye kivuli cha nyumba, alikaa bibi mmoja ambaye hakuwa wa hapo. Alikuwa na kitenge na rozari shingoni, anapepeta maharage kana kwamba yuko kwake. Na mbele yake alisimama mtoto mnene, mdomo mweupe kwa maziwa.

Ezekiel alilipiga picha lile sikio. Tableti, ambayo chuo kilikuwa kimeipakia picha za Maretadu, ilifikiri, ikafikiri tena, kisha ikaandika: Hermani Margwe, Maretadu.

"Hermani," Benedikta aliita. Mtoto aligeuka.

"Gidashang," mzee aliita. Mtoto aligeuka upande wa pili.

"Mzee, huyu mtoto ni wa nani?"

"Wangu."

"Na Margwe wa Maretadu?"

"Ni wake pia."

"Kwenye karatasi za mradi, mtoto ana baba mmoja."

"Basi karatasi hizo zina shida," mzee alisema kwa upole, kama anayempa pole mgonjwa.

Benedikta aliinuka akaenda zizini. Ng'ombe walikuwa bado hawajatoka kwenda malishoni. Wengi walikuwa na tundu katikati ya sikio la kulia, na ndio waliomsogelea mzee alipopiga mluzi. Lakini katikati yao aliona sikio la kushoto lenye mikato miwili karibu na ncha. Akaona jingine. Akaona la tatu. Alifungua daftari kwenye mchoro wa jana, na hapo ndipo mambo yote yalipokaa mahali pake kwa mara moja: chai ya rangi, kibuyu kikavu, mahindi yaliyofika mlangoni, kicheko cha Letisia na kile kikohozi cha Alfredi. Siku mbili alikuwa anatazama masikio ya watoto, wakati jibu lilikuwa kwenye masikio ya ng'ombe.

"Mzee, hawa wenye mikato miwili ni wa nani?"

Ezekiel aliangalia buti zake. Bibi aliacha kupepeta. Alfredi alikuwa anasoma namba za tairi.

Benedikta alirudi akakaa. Alielewa kwamba akiuliza tena ataambulia mlima, uwanda na hali ya hewa.

"Basi sijauliza," alisema. "Nitasema mimi mwenyewe. Wewe mzee kunywa maziwa yako. Nikikosea, weka kibuyu chini."

Gidabuday alikiinua kibuyu.

"Masika huko juu ni mashamba mpaka mlangoni. Ng'ombe hana pa kukanyaga. Kwa hiyo mtu wa juu ana rafiki yake chini, wa baba kwa baba, na ng'ombe wake anamwekea rafiki huyo. Rafiki anachunga, anakunywa maziwa. Ndama ni wa mwenyewe."

Mzee alikunywa.

"Lakini maziwa yakishuka, mtoto aliyeacha kunyonya anabaki juu na chai ya rangi. Kwa hiyo mtoto naye anashuka, na bibi yake anamsindikiza. Na aliyenyweshwa maziwa ya boma hili ni mtoto wa boma hili, anaitwa kwa jina la hapa, kwa sababu hakuna anayemnywesha mgeni miezi mitano. Mahindi yakikauka, ng'ombe wanapanda kula mabua. Mtoto anapanda nao."

Mzee alikunywa tena, safari hii kwa muda mrefu.

"Na hakuna anayesema, kwa sababu ng'ombe wa mtu hawatangazwi. Margwe ana kaka zake, ana mashemeji, na kila mmoja ana shida inayotaka dume moja. Anayejua mtoto yuko kwa nani, anajua ng'ombe wako kwa nani. Ndiyo maana binti wa watu yuko tayari kupelekwa polisi."

Gidabuday alimaliza kibuyu, akakipindua kuonyesha kwamba ni kitupu, akajifuta mdomo. Akamgeukia Alfredi.

"Huyu mama angechunga vizuri," alisema.

Wakacheka wote, na bibi mwenye rozari ndiye aliyecheka kuliko wote, akamvuta Hermani akamfuta mdomo kwa ncha ya kitenge. "Yuko kwenye maziwa, mama," alimwambia Benedikta. "Hivyo tu. Kwetu tunasema yuko kwenye maziwa."

Benedikta alimsogelea dereva wake. "Wewe ulijua."

"Tangu Maretadu, mama."

"Na ukanyamaza."

"Hukuniambia unatafuta nini." Alfredi alifikiri kidogo, akaona ni vizuri awe mkweli. "Na ungeniambia, nisingesema. Ila nisingekohoa."

Siku ile kanuni ya kwanza ya sajini Benedikta ilistaafu.

*

Hadi saa tisa walikuwa wamezunguka maboma manne na kupiga picha masikio yote kumi na moja. Watoto wote walikuwepo, wote wameongezeka uzito, na mmoja alimng'ata Ezekiel kidole. Mtandao ulipatikana juu ya kichuguu kimoja tu, na Benedikta alikipanda akiwa ameshikwa mkono na wanaume wawili, kwa heshima zote za umri wake.

Dokta Maximilian, mkuu wa mradi, alipokea kabla simu haijaita mara mbili. "Mama, kamati inasubiri. Nani amepika?"

"Hakuna aliyepika. Data ni safi, Dokta. Fomu ndiyo yenye kosa."

"Fomu?"

"Imeuliza nyumbani kwa mtoto ni wapi, ikaacha nafasi moja. Watoto hawa wana nyumba mbili. Nimewaona wote, nimewapima wote, majibu nakutumia sasa hivi."

"Kama mtoto anaondoka, mhudumu ana sehemu ya kuandika amehama. Kwa nini Gaudensia hakuandika?"

"Kwa sababu hawakuhama. Kusema mtoto amehama ni kusema baba yake amemtoa. Wako kwenye maziwa."

Benedikta aliitazama simu kuona kama mtandao umekatika. Haukuwa umekatika.

"Dokta?"

"Nipo." Sauti ilikuwa imebadilika. Ile ya vikao ilikuwa imeondoka, imebaki ya mtu. "Mama, unajua mimi ni wa Nambis, huko huko juu?"

"Sikujua."

"Nambis kabisa. Nilikaa kwenye maziwa misimu minne. Huko chini nilikuwa na jina ambalo hata mke wangu hajawahi kulisikia." Alivuta pumzi. "Na fomu ile niliiandika mwenyewe, kwa mkono wangu, nikaweka nafasi moja ya nyumbani. Ningemfunga binti wa watu kwa kosa langu."

Kule chini ya kichuguu Ezekiel alikuwa amemkazia macho mpelelezi, hajapepesa.

"Kwa hiyo Gaudensia anabaki," Benedikta alisema, kwa sauti ya kutosha kusikika chini.

"Anabaki. Nampigia mwenyewe sasa hivi, nimwombe radhi. Na fomu tutaongeza mstari: yuko kwenye maziwa. Bila kuuliza kwa nani." Akasita. "Kwenye ripoti, mama, usiandike habari za ng'ombe."

"Ng'ombe gani, Dokta?"

Alimsikia akicheka, kicheko cha mtoto aliyefutwa mdomo.

"Na masikio andika kumi na mawili."

"Ni kumi na moja. Nimeyahesabu mwenyewe."

"La kumi na mbili ni langu."

Benedikta alilaza daftari kwenye paja, akaandika kumi na mawili, na hakulikata. Ezekiel alipopanda kumsaidia kushuka, tableti yake iliita. Ezekiel alisoma jina kwenye kioo, akamtazama mpelelezi kama mwanafunzi aliyekamatwa, kidole kikielea juu ya kitufe.

"Pokea," Benedikta alimwambia. "Hiyo ya leo siiandiki."